Nguruwe, Mti na Ukoo wa Waeburone

Kesi ilisikilizwa usiku, uwanjani Tongeren, Ubelgiji. Mdai wa kwanza alikuwa nguruwe pori wa Ardennes. Wa pili, mti wa taksusi, uliofika umejibebea mizizi. Hakimu alikuwa sanamu ya shaba ya Ambiorix, mfalme wa Waeburone, kabila la Wabelgae lililoangamiza legioni moja na nusu ya Roma mwaka 54 KK.

"Mheshimiwa," nguruwe akaanza, "Wajerumani huniita Eber, Waflandria everzwijn. Hao Eburones ni wa nani kama si wangu? Julius Caesar mwenyewe aliwahesabu miongoni mwa Wagermani."

"Punguza pua, bwana," mti ukamkatiza. "Kwa Waselti, eburos ni mimi. Hata York iliitwa Eboracum kwa heshima yangu. Na jina la mheshimiwa linaishia na rix, yaani mfalme, kwa Kiselti. Mgermani gani huyo?"

"Anayependa majina ya majirani. Hujawaona?"

"Basi sikiliza. Mfalme mwenzake, mzee Catuvolcus, aliposhindwa mwaka 53 KK alimlaani Ambiorix, akajiua kwa sumu yangu."

"Kumbe! Na huo ndio undugu unaoutolea ushahidi?"

Mti ukanyamaza. Wote wakamgeukia hakimu: yeye alikuwepo, aseme.

"Nilikuwepo wapi?" sanamu akang'aka. "Nilisimamishwa mwaka 1866. Ubelgiji ilijitenga na Uholanzi mwaka 1830, ikataka babu upesi. Masharubu haya na kofia hii ya mabawa ni ya mchongaji. Huyo Ambiorix mwenyewe alitoroka na wapanda farasi wanne."

Raia wake hawakuwa na bahati hiyo. Caesar aliyaalika makabila ya jirani yaje kupora, akachoma vijiji, akarudia tena mwaka 51 KK. Baadaye nchi ile ikawa ya Watungri, na ni jina lao ambalo Tongeren inalibeba, ingawa uwanjani amesimamishwa mfalme wa wale waliofutwa.

Sauti nyembamba ikatoka makumbushoni. Ilikuwa sarafu ya dhahabu. "Mimi ndiye pekee niliyetengenezwa na Waeburone, na hakuna aliyeniita shahidi."

"Una picha ya nguruwe?"

"Sina."

"Mti?"

"Sina. Upande mmoja nina alama ya mikono mitatu inayozunguka. Upande wa pili nina farasi."

Farasi wa polisi aliyekuwa akipita akasimama ghafla, akatengeneza shingo, akaomba naye aandikishwe kama mdai.