Kabla Hujaulaumu Mtandao: Mwongozo kwa Watu wa Kilwa na Lindi

Kompyuta haina jini, wala haitulizwi kwa kofi. Nalisema hili wazi kwa sababu kuanzia Somanga hadi Lindi mjini kofi ndilo dawa ya kwanza inayotolewa mashine ikigoma, na dawa ya pili ni kutamka "mtandao unasumbua" kisha kurudi kwenye kahawa. Zote mbili haziponyi. Kinachoponya ni utaratibu: anza na kilicho karibu na mkono wako, ndipo uende mbali.

Hatua ya kwanza: umeme na chumvi

Mashine haiwaki? Kabla hujatangaza msiba, tazama kama uniti za LUKU zimeisha, kama swichi ya ekstensheni imezimwa, na kama waya wa chaji umeingia hadi mwisho. Umeme ukikatika, chomoa plagi papo hapo, maana vifaa vingi huungua umeme unaporudi kwa kishindo. Taa zikishatulia kwa dakika chache, chomeka tena.

Kisha tafuta chumvi. Upepo wa bahari huingia hadi kwenye tundu la flashi na kuacha kutu ya kijani kwenye vile vyuma vidogo. Usipulize kwa mdomo, unaongeza unyevu. Zima mashine, chomoa, toa betri kama inatoka, sugua taratibu kwa mswaki mpya uliogusishwa spiriti kidogo tu, uache pakauke kabisa ndipo uwashe.

Hatua ya pili: intaneti

Muulize jirani. Kama yeye anapata kwa laini ya kampuni ileile, kosa liko kwako: bando limekwisha, data imezimwa, au kifaa cha waifai kimechoka. Kichomoe, hesabu polepole hadi thelathini, kirudishe. Kwenye nyumba kongwe za Kilwa Kivinje, kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa hula mawimbi. Kisogeze kifaa dirishani, na kama kinakupa nafasi ya kuchagua, tumia mkondo wa 2.4 GHz, kwani unapenya ukuta vizuri kuliko ule wa 5.

Zipo siku kosa liko mbali kweli. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ikazorota nchini. Siku kama hiyo, mtu wa Kilwa Masoko angezima na kuwasha simu hadi alfajiri bila mafanikio. Dalili yake ni hii: kupiga simu kunawezekana, ujumbe mfupi unapita, lakini tovuti zinagoma kwa laini zote. Hapo pumzisha kidole. Ndiyo maana cheti, mkataba au picha za marehemu babu zisikae sehemu moja: weka nakala kwenye mashine, nyingine kwenye flashi, nyingine mtandaoni.

Hatua ya tatu: steshenari

Hapa ndipo ninapoumia. Kijana amemaliza kidato cha sita, amekuja kuomba mkopo wa HESLB. Amekalia kiti cha plastiki, amefungua barua pepe yake, kompyuta inamuuliza kama ihifadhi nenosiri. Anabonyeza ndiyo, kwa sababu foleni inamtazama. Kesho yule atakayekalia kiti kile ataikuta barua pepe wazi, na cheti cha kuzaliwa kikimsubiri kwenye folda.

Mdogo wangu, foleni haitakulipia hasara. Bonyeza hapana. Tumia dirisha la faragha. Ukimaliza, toka kwenye akaunti, futa ulivyopakua, kisha ondoa hata kwenye kikapu cha taka. Nawe mwenye steshenari, karatasi za wateja si za kufungia vitumbua: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 2023.

Flashi ikirudi nyumbani na mafaili yamegeuka vialama vidogo visivyofunguka, usibonyeze hata kimoja, na usikubali kuifomati. Mara nyingi kirusi kimeyaficha tu. Safisha kwa programu ya kuzuia virusi, kisha iamuru kompyuta ionyeshe vilivyofichwa.

Hatua ya nne: tapeli

"Ile pesa tuma kwenye namba hii." Nani Tanzania hajaupata ujumbe huu? Aliyeutuma hakujui wala hana habari na deni lako. Anawatumia watu wengi, akimngoja yule ambaye leo hii kweli anadaiwa na mtu. Mwenzake hupiga simu: "Shikamoo mama, nimekosea, pesa imeingia kwako." Wote wawili wanakutaka uruke hatua, uende mbali kabla hujatazama karibu.

Basi tazama karibu. Fungua menyu mwenyewe usome salio, usiamini ujumbe. Kama pesa imeingia kweli, usiirudishe kwa mkono wako. Piga 100, kampuni ishughulike na aliyekosea. Namba ya siri haombwi mtu, hata na anayejiita wakala mkuu. Tarakimu sita za WhatsApp nazo ni ufunguo, usimsomee yeyote. Namba ya tapeli itume 15040. Na ukisajili laini, ukaambiwa kidole hakijashika, weka tena na tena, shituka: piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Usiyoitambua, ifuatilie ofisi ya kampuni husika ifungwe.

Jioni hii kaa na mama au bibi yako. Pigeni *106# pamoja, washeni uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp yake, na mwambie waziwazi kwamba kumkatia simu mtu anayemharakisha si utovu wa adabu.