Land Rover Yenye Feni ya Corolla

Gari langu ni Land Rover Series III ya mwaka 1978, ya petroli, na kwa miaka mingi halikuwa na ugomvi na chochote isipokuwa foleni. Barabara ikiwa wazi, mshale wa temperecha unatulia katikati. Likisimama Ubungo, Dar es Salaam, kwenye jua la saa nane, mshale unaanza kupanda, na abiria mmoja mmoja wanakumbuka kwamba kuna mtu walitaka kumwona hapo jirani.

Lawama ni za feni ya asili, ile inayozungushwa na mkanda. Feni hiyo hufuata mwendo wa injini. Ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, upepo wa njiani peke yake unatosha kupoza rejeta, na hapo ndipo feni inapovuma kwa nguvu zote. Ukisimama, upepo hakuna, injini imeshuka sauti, na feni nayo inajivuta. Ni mfanyakazi anayejituma siku ambayo kazi haipo.

Tiba yake inajulikana: ing'olewe, ifungwe feni ya umeme. Kwa wauza vipuri wa Gerezani nikapata ya mtumba iliyotoka kwenye Corolla, bado na vumbi la kwao. Fundi aliipima kwa macho, akaigeuzageuza, akasema inaingia. Kuifunga hakukuwa na hadithi: vipande viwili vya chuma, kuchomelea kidogo, boliti nne. Hadithi ilianza kwenye waya.

“Fundi umeme tumwite?” nikauliza.

“Wa nini, bosi? Umeme wa feni ni waya mbili tu.”

Ni kweli zilikuwa mbili. Alipoziunganishia urefu kwa mabaki aliyoyakuta kwenye droo, zote mbili zikawa nyekundu. Akazizungushia solatepu, akawasha, feni ikanguruma, gereji nzima ikafurahi. Mimi ni mtu wa vitendo, nikaomba tupime kwa karatasi. Feni iliyo nyuma ya rejeta inatakiwa kuvuta hewa kutoka mbele, kwa hiyo karatasi ukiiweka kwenye grili inang'ang'ania hapo hapo. Yetu ilipaa, ikamtua usoni kijana wa kufungua nati.

“Umeona nguvu hiyo?” fundi akasema.

Mota ya aina hiyo ukiibadilishia chanya na hasi inazunguka kinyume. Feni yangu ilikuwa inasukuma joto la injini mbele, huku upepo wa barabarani ukilirudisha nyuma, na rejeta iko katikati ikisikiliza kesi. Waya zikabadilishwa. Karatasi ikashika. Nikalipa, nikaondoka.

Kilichofuata kinahitaji niwape siri nyingine ya mota hizi: ukiizungusha bila kuipa umeme, yenyewe inazalisha umeme. Fundi alikuwa ameuchukua moto wa feni moja kwa moja kwenye waya wa swichi ya funguo, waya ule ule unaolisha koili. Nikaingia kituo cha mafuta, nikazungusha funguo, nikaichomoa. Injini ikaendelea.

“Mzee, zima gari,” mhudumu akasema.

“Nimezima.”

“Mbona linaunguruma?”

Nikamwonyesha funguo mkononi. Akarudi hatua mbili, na bomba la mafuta akarudi nalo. Feni ilikuwa bado inazunguka kwa kasi iliyobaki, inatengeneza umeme wake, inaupeleka kwenye koili, na koili haina kawaida ya kuuliza umeme umetoka wapi. Feni ilipochoka, injini nayo ikakata, baada ya mtikisiko mmoja wa kuniaga. Dereva wa bajaji aliyekuwa nyuma yangu alishauri tutafute shehe.

Tulimtafuta fundi umeme. Kijana mpole, haongei. Alifungua boneti, akaugusa ule waya wa swichi, akaniita niuguse: mpira wake ulikuwa umeanza kulainika. Feni ile inakula amp 15 hivi ikishatulia, na zaidi inapoanza kuzunguka. Waya ule haukuzaliwa kwa mzigo huo. Akafunga rilei, kidude chenye miguu minne ambacho kila mguu una namba yake. Thelathini inaleta moto mzito kutoka kwenye betri, ukipitia fyuzi. Themanini na saba inaupeleka kwenye feni. Themanini na tano na themanini na sita ni za amri tu, zinapitisha umeme kidogo wa kuishtua rilei, na amri yenyewe inatoka kwenye swichi ya joto aliyoifunga kwenye rejeta: maji yakifika nyuzi 92 feni inawaka, yakishuka hadi 87 inazima. Kazi safi, waya nene, rangi tofauti. Ningemkumbatia.

Ila swichi ya joto haijali kama mwenye gari yumo au ameshalala. Usiku wa kwanza mlinzi alinigongea dirisha, rungu mkononi, akininong'oneza kwamba kuna mtu ndani ya Land Rover na ameanza kuwasha vitu. Sasa ameizoea, huwasimulia walinzi wenzake kwamba gari la mzee linapumua.

Foleni ya Ubungo siiogopi tena mchana. Usiku wa mvua ni habari nyingine. Alternata ya gari hili ni ya amp 34, tena injini ikiwa chini haifiki huko. Nikiwa na taa kubwa na waipa, feni ikiamka, taa zinafifia kwanza, waipa zinasita katikati ya kioo, na mama watoto ananiangalia bila kusema neno. Nimeulizia alternata ya amp 65. Ipo Gerezani, ya mtumba, bei inaongeleka. Yule kijana mpole aliitazama, akautazama mkanda, kisha kwa mara ya kwanza akaongea bila kuulizwa: “Hii ikifungwa, mzee, na mkanda nao hautatosha.”