Sifa za Pampu ya Bafuni

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Televisheni imepewa ukuta mzima sebuleni, jokofu linang'arishwa kila Jumamosi, lakini pampu ya bafuni imesukumwa kwenye kabati, ubavuni mwa tangi la maji ya moto, na hakuna mgeni anayepelekwa kuiona. Leo tuipe maua yake.

Kwanza, ni karimu. Mwenye nyumba hupandisha tangi darini, mita moja tu juu ya bomba la manyunyu, kisha hushangaa maji yakitoka kwa kubembelezwa. Mita moja ya kimo ni presha ya bar 0.1. Pampu ya bar 1.5 humpa presha ya tangi lililoinuliwa mita 15 zaidi. Kwa maneno mengine, imemjengea ghorofa tano bila kibali cha ujenzi.

Pili, inapenda haki. Ile ya pande mbili husukuma maji ya moto na ya baridi kwa nguvu moja. Ukijifanya bahili ukaongezea nguvu upande wa baridi peke yake, baridi itamtawala mwenzake, nawe utaionja Julai ya Arusha vilivyo.

Tatu, haina siri. Ifunge kwenye ubao bila raba chini yake, uone sakafu itakavyonguruma. Saa kumi na moja alfajiri jirani anajua umeingia bafuni. Ikinyamaza, anajua unajipaka sabuni. Ikianza tena, anajua unajisuuza. Kwa kijana anayerudi usiku wa manane akitaka kuoga kimyakimya, hakuna mlezi mkali kuliko huyu.

Nne, ina heshima zake. Ile ya kawaida haiamki mpaka maji yaanze kupita yenyewe, hata kidogo. Tangi likiwa usawa mmoja na manyunyu, hakuna kinachopita, nayo italala usingizi wa pono huku wewe umesimama uchi ukiiangalia. Wala haitaki kuchangia bomba na sinki la jikoni. Inadai njia yake kutoka kwenye tangi la moto, ianzie chini kidogo ya kilele, kwa kuwa hewa hukusanyika juu. Na maji yakizidi nyuzi 60, viputo huongezeka na kuidhoofisha. Fundi bomba asiyelijua hili huja Jumatatu na kurudi Alhamisi, hadi watoto wanamwita anko.

Basi nawe unayetaka kuinunua, pima kwanza kimo kati ya tangi na manyunyu. Kikiwa hakitoshi, agiza ile inayowashwa na kushuka kwa presha, siyo na mtiririko wa maji. Punguza joto la tangi liishie nyuzi 60, weka raba chini ya pampu, na mwambie jirani mapema. Na kwa kuwa umeme ukikatika nayo hugoma, ndoo na kopo usimpe mtu.