Mgeni Aliyeshika Jembe Siku ya Kwanza

Jumapili ya Machi 26, 2006, televisheni ya Fox ya Marekani ilionyesha sehemu ya katuni ya The Simpsons iitwayo "Homer Simpson, This Is Your Wife", msimu wa 17. Mgeni wa siku hiyo alikuwa Ricky Gervais, Mwingereza wa Reading, aliyekuwa David Brent, yule bosi asiyevumilika wa The Office ya BBC. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikabidhiwa jembe akiwa bado mlangoni: mbali na kuingiza sauti, jina lake ndilo lililoandikwa kuwa mwandishi. Watazamaji wakagawanyika vipande vipande kama kuku wa shughuli, na mpaka leo ukiwachokoza wanaanza upya.

Mimi nilichelewa kuingia kwenye ugomvi huo. Niliiona miaka kadhaa baadaye, kwenye diski ya kudurufu iliyoandikwa juu kwa kalamu ya wino, tena jina limekosewa. Nilikuwa na shemeji yangu, mtu ambaye kwa Gervais haambiliki. Tumebishana vya kutosha, kwa hiyo nimezipanga kambi zote, kuanzia ile inayonichosha hadi ile ninayokaa mwenyewe. Shemeji anasema nimeupanga mlolongo kichwa chini miguu juu.

8. "Mbovu kuliko zote!"

Hawa hata angekuja Charlie Chaplin wangemwambia amechelewa. Kwao katuni hii ilishakufa zamani, na kila mgeni anayebisha hodi amekuja matangani. Kinachochekesha ni kwamba wenye katuni walishawaona mapema. Mwaka 1997 walitoa sehemu ambayo Homer, baba wa familia ya Simpson, anaajiriwa kumpa sauti Poochie, mbwa mpya aliyebuniwa kuiokoa katuni nyingine iliyochoka. Watazamaji wanamkataa mbwa, na yule bwana mnene wa duka la vitabu vya katuni anatangaza kwamba hajapata kuona sehemu mbovu kama ile. Basi hawa wanatukana kwa tusi la kuazima, na wameliazima kwa haohao waliowatania.

7. Walioshibia mlangoni

Sehemu hii haikuanza kwa michoro. Ilianza na watu wa nyama na damu wakiigiza ule utangulizi maarufu: mtoto Bart akiteleza na ubao wake, gari likikimbilia nyumbani, familia ikirukia kochi. Sky One ya Uingereza ndiyo iliyoupiga filamu kama tangazo, na Wamarekani wakaupenda kiasi cha kuutumia. Kuna watazamaji waliocheka dakika ile ya kwanza, wakaona kila kilichofuata kimepoa. Waliomaliza sambusa wasilaumu pilau.

6. "Huyu si Charles, ni David Brent kapakwa manjano"

Kambi kubwa kuliko zote, na ndiyo yenye kelele. Hadithi yenyewe hii hapa: Homer anaona televisheni bapa ya kisasa kwa rafiki yake Lenny, roho inamtoka, na ili ipatikane pesa familia inaingia kwenye kipindi cha kubadilishana wake. (Mchezo huo Waingereza ndio waliouanza, kwenye Channel 4, mwaka 2003. Kwa hiyo Mwingereza alipewa ugenini kazi ya kucheka bidhaa ya kwao.) Homer analetewa Verity, mama mkali, msomi, asiyetaka mchezo. Mke wa Homer, Marge, anapelekwa kwa mume wa Verity, Charles Heathbar. Huyo ndiye Gervais.

Charles akifungua mdomo tu, kesi imekwisha. Anaanza sentensi, anaiacha njiani, anairudia, anajichekea mwenyewe kabla hujajua cha kuchekea, halafu anaona haya kwa kuwa kacheka peke yake. Ni Brent yuleyule wa kampuni ya karatasi kule Slough, kapunguziwa vidole vikabaki vinne. Walalamikaji wana hoja. Sauti za The Simpsons zimezoea kujificha: Dan Castellaneta ni Homer, ni babu yake Bart, ni Krusty, na ukimpita barabarani humjui. Gervais aliingia katika nyumba ya watu wanaojibadilisha sauti, akaketi na ya kwake.

Ila na mimi niwaulize. Waliokulia vibanda umiza wanakumbuka jinsi tulivyokuwa tunamlipia mtafsiri Lufufu, si filamu. Mchina anapigana, Lufufu anasema lake juu ya sauti yake, na hakuna aliyedai arudishiwe hela kwa sababu Lufufu kasikika kama Lufufu.

5. "Ricky nani?"

Wamarekani wengi, na wana udhuru. Tangu Machi 2005 walikuwa na The Office yao, yenye Steve Carell. Aliyeihamishia kwao ni Greg Daniels, ambaye miaka ya tisini alikuwa akiandikia… The Simpsons. Kijiji hiki kidogo, ndugu zangu.

4. Wakaguzi wa majina

Hawa hawacheki mpaka wasome majina ya watengenezaji. Waliona Gervais kaandikwa mwandishi, wakaishika sehemu nzima kama mtihani wa mtu mmoja: kila utani uliopwaya, "Gervais huyo!"; kila uliokolea, "hapo wenyeji wamemsaidia." Mgeni hashindi kesi namna hiyo.

Ukweli ni kwamba mwenyewe alishakiri hadharani kuwa cheo hicho kilimzidi kimo: yeye alileta wazo na vituko, na kikosi cha waandishi wa kule ndicho kilichokaa kuifuma hadithi. Ndivyo shamba lile linavyolimwa siku zote. Mswada wa mtu mmoja unawekwa mezani, kundi zima linaushukia, linafuta na kuchomekea mpaka mwenyewe hautambui, kisha jina linabaki lake. Mchekeshaji Conan O'Brien alipita njia hiyohiyo kwa kinyume: aliajiriwa kama mwandishi, akatoa "Marge vs. the Monorail" ya Januari 1993, na mwaka 1994 akarudi kama mgeni kwa jina lake. Seth Rogen na Evan Goldberg wakapewa jembe msimu wa 21. Jembe lipo, wageni wanalishika mpini. Wenyeji ndio wenye sugu.

3. "Kimya chetu kiko wapi?"

Kambi ya shemeji, nami naiheshimu kuliko nitakavyomwambia.

Ukimtazama Brent, kichekesho hakiko kwenye maneno. Kasema utani wa hovyo mbele ya wafanyakazi. Hakuna anayecheka. Mkono unapanda kwenye tai, unaipapasa kana kwamba imepinda. Macho yanaikimbilia kamera mara moja, yanarudi sakafuni. Simu inalia mezani kwa mtu mwingine. Wewe uliyekaa kwenye kochi lako unatamani ardhi ipasuke, na aliyeharibu si wewe.

Sasa kipeleke hicho kwenye katuni. Sauti inarekodiwa kwanza, miezi mingi kabla ya picha kukamilika. Michoro inaanzia Marekani na kumaliziwa Korea Kusini. Anayechora ile haya hayuko chumbani wakati haya inatokea. Anaipata ndani ya sauti, kama barua. Halafu dakika zote ni 22 tu, na Homer yupo, na Bart yupo, na kila mmoja ana utani wake kwenye foleni. Nani atampa Mwingereza sekunde tano za kutosema kitu? Kwa hiyo anayosema Charles yanachekesha, ila anaponyamaza tu, mwingine keshadakia.

2. Wimbo

Charles anampenda Marge. Anashika gitaa, anamwimbia wimbo ambao Gervais aliutunga mwenyewe, wa mapenzi, mbaya kwa makusudi, wenye mashairi yanayojikwaa kwenye kona zao. Nusu ya watazamaji walisema hapo ndipo sehemu iliposimama. Nusu nyingine walisema hapo ndipo ilipokufa. Wote walikuwa wanazungumzia dakika ileile.

Wanaosema bwana huyu hajui muziki wakumbuke kwamba miaka ya themanini alikuwa kwenye kundi la watu wawili lililoitwa Seona Dancing, nywele zimesimama, kope zimepakwa wanja. Uingereza haikuwataka, Ufilipino ikaja kuupenda wimbo wao mmoja mpaka basi. Mtu anayeimba vibaya namna ile lazima ajue kuimba.

1. "Alikuwa mchache"

Kambi yangu. Najua mfano mtakaonitupia: Albert Brooks. Mwaka 1996 aliingia kama Hank Scorpio, bosi mpole anayeteka dunia, akajibunia maneno studioni, akapotelea ndani ya Scorpio kabisa. Sawa, huyo ni mgeni bingwa. Lakini Charles ana kitu ambacho Scorpio hana: anatia huruma. Homer akiletewa Verity, atapambana. Charles ameshakaa na Verity miaka, na Marge anapomsikiliza tu, jamaa anachanua kama mtu aliyeruhusiwa kuongea kwa mara ya kwanza nyumbani kwake. Nilitaka nyongeza ya hapo, nikaletewa Homer akigombana na Verity. Mwaka 2011 Gervais alirudi, safari hiyo akiwa yeye mwenyewe, na sikuona sababu ya kuahirisha chakula.

Nilikuwa namweleza shemeji haya yote wakati wimbo unaanza. Diski ikafika kwenye mkwaruzo, ikakwama. Charles akabaki na gitaa mkononi, mdomo wazi, macho kwa Marge, hakuna sauti. Sekunde tano. Kumi. Nikanyanyuka kwenda kuitoa niipangusie shati.

"Kaa chini," shemeji akasema, anafuta machozi ya kicheko. "Usiiguse. Hapo sasa ndiyo Gervais."