Baharini Hakuna Shangazi

Oman haina uhaba wa njia nzuri za kupita. Jangwa lipo, milima ipo, mitende ipo, na lami siku hizi inafika mpaka vijiji ambavyo zamani vilifikiwa kwa punda. Mwaka 1970 nchi nzima ilikuwa na kilomita zipatazo 10 tu za barabara ya lami. Sasa zimebaki shida ndogo ndogo, na moja kubwa: kwa sisi wenye jamaa waliotoka Unguja, kila njia nzuri inapita mlangoni kwa shangazi wa mtu.

Shemeji yangu hakulijua hilo. Yeye anaishi Canada, na huko kazoea kutembea na gari-nyumba, lile gari kubwa lenye vitanda, jiko, friji, bafu na choo. Mtu anaegesha anapopenda, anapika maharage yake, analala, hamwombi mtu chumvi. Akatua Muscat mwezi wa Januari, jua likiwa limepoa, akakodi gari la namna hiyo na kututangazia kwamba safari hii hatutamsumbua mtu. Mama aliguna. Wanaomfahamu mama wanajua kwamba mguno ule una kurasa nyingi.

Kituo cha kwanza kilikuwa Samail, kwa shangazi na ami. Si mbali, ni mwendo wa saa moja hivi kwa barabara kuu ya Nizwa. Unaipita Fanja, unaipita Bidbid, kisha unaingia katika pengo linaloigawa milima ya Hajar, ya magharibi huku na ya mashariki kule. Wataalamu wa miamba hutoka pembe zote za dunia kuja kuyatazama majabali yale meusi, maana yalikuwa sakafu ya bahari kabla ya kusukumwa juu ya nchi kavu. Kwa hiyo hata mawe ya Samail ni wageni waliotoka baharini, wakakaribishwa kahawa, wakashindwa kuondoka. Tungeyasoma mapema mawe yale tungejua yanayotungoja.

Programu ya ramani ilitutoa kwenye barabara kuu na kutuingiza mashambani, katika vichochoro vya Sufalat Samail, kuta za udongo huku, mfereji wa falaji kule, na mitende imeinama juu yetu. Tende ya fardhi ya bonde hili ilisifiwa hata New York, ilikosafirishwa kwa meli karne ya 19. Kuti la mtende mmoja kama huo lilikinasa kifuniko cha tundu la hewa juu ya paa, likakipokonya kwa kishindo. Mwenye shamba alitoka mbio, akatazama juu, akashika kifua, akamshukuru Mungu kwa sauti: mtende umesalimika.

Shangazi alitupokea nje. Tukamwamkia, akaitikia, kisha akalizunguka gari lote mikono nyuma. Akapanda ndani. Akafungua kimlango, akaona choo. Akanyoosha mkono wa pili bila kusogea, akagusa jiko.

"Mwanangu," akamwambia shemeji kwa upole wa kutisha, "hapa mnapika?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na hapa mnakwenda haja?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na mnakula?"

Ami naye alikuwa na lake. Alitoa simu, akaitafuta kibla, akabaini kwamba gari lilivyoegeshwa, mwenye kukaa chooni anaelekea Makka moja kwa moja. Ikabidi ligeuzwe. Kuligeuza dude lile uchochoroni kulihitaji wanaume wa mtaa mzima, kila mmoja akitoa amri yake, na wawili kati yao wakitoa kwa Kiswahili cha Unguja ambacho nilikuwa sijakisikia tangu utotoni. Lilipokaa sawa, shangazi akapitisha hukumu kwamba hakuna wa kulala humo. "Majirani watasemaje? Watasema wageni wangu nimewafukuza." Gari likabaki peke yake nje, choo chake kikiwa katika mwelekeo wa halali kabisa.

Baada ya sinia la wali na nyama, shemeji alitandaza ramani na kuuliza njia ipi ina mandhari. Hakuna swali zuri kama hilo la kuwagombanisha watu walioshiba.

Ami alisema mandhari iko hapo hapo: Samail ndiko alikotoka Mazin bin Ghadhuba, Mwomani wa kwanza kusilimu, na msikiti wake upo. Ukitoka hapo, nenda Wadi Mahram, alikozaliwa Abu Muslim al-Bahlani, mshairi aliyekuwa kadhi Unguja na kuanzisha gazeti la Al-Najah mwaka 1911. Shemeji akauliza kama huko kuna mahali pa kuegesha penye mwonekano. "Mwonekano wa nini tena?" ami akashangaa. "Nimekwambia kazaliwa pale."

Binamu akasema bila kuiona michanga ya Bidiyah hujafika Oman. Jirani akasema michanga ni vumbi tu, apande Jabal Akhdar. Mtoto wa jirani, ambaye hakuulizwa, akapiga kura ya Sur kwa sababu kule kuna kasa. Shangazi alikuwa akimimina kahawa kimya. Walipochoka, akasema: "Izki wapo wakwe wa dada yangu. Nizwa wapo tuliokaa nao Malindi ya Unguja. Ibra wapo watu wa mumewe mama. Sur yupo somo yangu, mgonjwa, na hamjamtazama." Ramani ikakunjwa.

Asubuhi mvua ilikuwa imepiga milimani, kwetu jua kali. Programu ikapendekeza njia ya mkato inayovuka wadi, mto mkavu ambao siku hiyo haukuwa mkavu hata kidogo. Maji ya rangi ya chai yalishapanda kwenye vile viguzo vyekundu na vyeupe vinavyoonyesha kina. Shemeji alisema gari lake ni zito, litakaza. Ami akamwambia maji yale yamebeba mazito kuliko hilo, na sheria ya hapa humwadhibu anayeivuka wadi inayotiririka kwa ubishi. Tukarudi kunywa chai ya pili. Mwenye haraka asikae na watu wa milimani.

Tulipofika Birkat al-Mouz, shemeji aliikumbuka Jabal Akhdar ya jirani, mita zipatazo 2,000 juu, penye hewa baridi na waridi. Chini ya mlima kuna kizuizi, na gari lisilo na nguvu katika magurudumu yote manne halipiti. Askari alilitazama gari letu toka taa za mbele hadi ngazi ya nyuma, akacheka kwa adabu, akatuonyesha pa kugeuzia. Ukikiona kile kiteremko, unamwombea askari yule maisha marefu.

Nizwa tulifika Ijumaa, siku ya mnada wa mbuzi, wanyama wakizungushwa na wanunuzi wamekaa duara. Mama akashuka "kutazama tu". Alirudi na beberu, kwa hoja kwamba mtu haendi Ibra mikono mitupu. Nafasi ya pekee yenye mlango wa kufunga ilikuwa bafuni. Beberu akasafiri hivyo kupitia Sinaw na Mudhaibi, akilia kila tuta, na njiani akala pazia pamoja na ule mkataba wa kukodi, ukurasa unaokataza wanyama ukiwa wa kwanza.

Ibra ni asili ya Waharthi na Wabarwani, majina ambayo kila mtoto wa Unguja anayajua, na Kiswahili chake ni kitamu kuliko cha redioni. Huko nako tulikatazwa kulala garini. Friji ilijaa halwa na tende za watu. Jiko lilibaki na karatasi yake ya dukani.

Bidiyah michanga inaanza nyuma ya nyumba za watu, bila kupiga hodi. Shemeji alisema ataegesha ukingoni tu. Mchanga haujui ukingo. Kijana mmoja wa Kibedui alikuja na pikapu, akatueleza kwamba watu hupunguza upepo wa matairi kabla ya kuingia, wala hawaingii na nyumba. Akatuvuta kwa kamba mpaka kwenye lami, na malipo aliyodai ni twende kwao tukanywe kahawa.

Mwisho wa njia ulikuwa Sur, na huko shemeji alipata faraja. Alisimama kuitazama Fatah al-Khair, jahazi kuukuu lililohifadhiwa mjini hapo, akatikisa kichwa. Nami nikaelewa. Wazee wa Sur waliokwenda Unguja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi walikuwa na gari-nyumba halisi: wanalala humo, wanapika humo, wanakwenda upepo unakowapeleka, na baharini hakuna shangazi.

Nchi kavu mambo ni mengine. Kwa hiyo, msomaji, ukitaka kuizunguka Oman, njoo kati ya Novemba na Machi. Kodi gari la kawaida lenye nguvu magurudumu yote manne, usiivuke wadi yenye maji, na mchangani usiende peke yako. Vitanda na jiko waachie wa Canada. Njia usihangaike kuichagua: mpigie simu shangazi akupangie, na usipompigia atakupangia vilevile.