Sifa za Simu Iliyozeeka Saa Mbili Usiku

Simu yangu ilizeeka tarehe 7 Septemba 2022, saa mbili usiku. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa mezani nangoja ugali upoe, na simu ilikuwa imelala pembeni ya bakuli la dagaa, kioo juu, haijamkosea mtu. Kule Cupertino, California, ilikuwa saa nne asubuhi, na Tim Cook, mkuu wa Apple wakati huo, alikuwa anafungua hafla ya kuitambulisha iPhone 14. Yangu ilikuwa 13. Ilianza chakula cha usiku ikiwa simu mpya, ikamaliza ikiwa "ile ya mwaka jana". Na huo mwaka wenyewe haukuwa umetimia: 13 ilitangazwa tarehe 14 Septemba 2021, kwa hiyo ilidhulumiwa wiki nzima ya ujana wake. Papo hapo, huko Marekani, waliomzaa wakamshusha bei mtoto wao dola 100, kutoka 799 hadi 699. Haikulalamika. Ilitetemeka kidogo tu, na hiyo ni kwa sababu mke wangu alinitumia ujumbe kutoka jikoni kwamba pilipili iko kabatini.

Simu hiyo ndiyo ninayotaka kuisifu leo. Najua ninachojitakia. Kuisifu simu ya mwaka jana mbele za watu ni sawa na kumsifu bi mkubwa katika harusi ya bi mdogo: wengi watakubaliana nawe moyoni, hakuna atakayekupigia kigelegele. Kipya kinyemi ingawa kidonda, ndivyo tulivyolelewa.

Mpwa wangu alikuwa wa kwanza katika ukoo kuinunua 14. Alinijia na "shikamoo mjomba" huku mkono wenye simu umeshatangulia mbele ya salamu. Nikaitikia, nikaipokea, nikaigeuza, nikaisifia kama mtu anayeoneshwa mtoto mchanga. Kisha tukaenda Kariakoo kuibandikia protekta.

Fundi alizipokea simu zetu zote mbili, maana na mimi nilitaka protekta yangu ibadilishwe. Akazilaza juu ya meza yake ya kioo, zote nyeusi, akazifuta kwa kitambaa, akageuka kumjibu mteja wa kava. Aliporudi, alisimama. Akatazama hii, akatazama ile. Akaokota yangu, akamwambia kijana kwa heshima zote, "Hii mpya tunaiwekea ile ya kung'aa au ya faragha, bosi?" Sijawahi kumwona mpwa wangu akiumia vile, hata siku timu yake iliposhuka daraja. Fundi aligundua kosa lake alipoinamisha simu kwenye taa na kuuona ufa. Nitarudi kwenye ufa.

Nisimlaumu fundi. Zote mbili zina kioo cha inchi 6.1. Zote zina kile kijipande cheusi kwenye paji la uso. Kioo cha zote mbili hujichora upya mara 60 kwa sekunde, na ubongo wa zote mbili ni uleule mmoja, A15, isipokuwa mpya imeongezewa kiini kimoja cha kuchorea picha, kutoka vinne hadi vitano. Mtengenezaji mwenyewe anasema ya zamani inacheza video kwa saa 19, na mpya kwa saa 20. Unene ulikuwa milimita 7.65, sasa ni 7.80. Yaani baada ya mwaka mzima wa wahandisi kukesha, bi harusi kanenepa.

Haki ya mtu apewe: usiku 14 inaona vizuri zaidi, na kamera yake ya mbele inaweza kujitafutia fokasi. Kwa mtu wa umri wangu, kamera ya mbele inayoona vizuri zaidi si zawadi. Ya 13 ina ustaarabu wa kutoyatazama yote.

Protekta zilipokwisha kubandikwa, fundi akachukua kile kipini chake cha kuchomolea laini. Akaizungusha simu mpya upande wa kushoto. Akaizungusha upande wa kulia. Akapapasa kwa kidole kama mtu anayetafuta swichi gizani. "Kijana, hii ni ya Marekani," akasema taratibu, kwa sauti ya daktari. "Haina mlango wa laini." Ni kweli: iPhone 14 zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazikuwekewa tundu la laini kabisa, zinatumia eSIM tu. Aliyemuuzia hakulitaja hilo, na mpwa wangu hakuwaza kuuliza, kwa kuwa nani huuliza kama nyumba anayopanga ina mlango?

Kwa hiyo laini yake ikarudi kwenye kitochi cha elfu ishirini na tano, na simu mpya ikakaa wiki nzima ikinyonya intaneti kwa hotspoti ya simu yangu, mpaka alipopata siku ya kupanga foleni na kubadilishiwa laini. Wiki nzima! Nilikuwa naketi barazani na ile ya mwaka jana mfukoni, naye yuko karibu nami, haendi mbali, maana akifika kwenye mwembe mtandao unakata. Sijawahi kuheshimiwa na kijana yule kama wiki ile. Bando langu ndilo lililoumia, lakini mwenye fadhila hahesabu MB.

Kuna mambo mawili mapya ambayo 14 ilijivunia na yangu haina. La kwanza ni kuomba msaada kwa setilaiti mahali pasipo na mnara. Huduma hiyo ilianzia Marekani na Kanada, Novemba 2022. Huku kwetu, aliyekwama porini aliendelea kupanda kichuguu na kuinua mkono juu, na kwa kupanda kichuguu simu zote ni sawa. La pili ni kutambua ajali ya gari na kupiga simu ya dharura yenyewe. Haukupita mwezi, zile treni za burudani zinazopindua watu kichwa chini kule Ohio zikawa zinasababisha simu za abiria kuita waokoaji, wenye simu wakiwa wanapiga mayowe ya furaha. Nikaiwazia simu hiyo ndani ya bajaji, msimu wa mvua, kwenye barabara ya kwetu. Ingemaliza salio la polisi.

Sasa ufa. Niliupata Mwenge, nikishuka daladala ambayo haikuwa imesimama. Simu ilitoka mfuko wa shati, ikatangulia kufika. Ufa unaanzia pembe ya juu kushoto, unashuka mwembamba, mrefu, umeinama kidogo, sawasawa na Ziwa Tanganyika kwenye ramani. Kigoma iko hapo penye saa. Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahenga hawa hawakuwahi kuulizia bei ya kioo cha simu Kariakoo, wangeona ukuta ni nafuu.

Ufa huo umeniokolea fedha. Katika vikao vya harusi, katibu wa kamati hakuulizi mshahara wako, anaiangalia simu uliyoiweka mezani. Wenye simu mpya huandikiwa mchango wa "double" kabla hawajafungua mdomo. Mimi huiweka yangu kioo juu, Ziwa Tanganyika likitazamana na daftari lake, na kalamu yake huandika "single" kwa huruma. Kuna kikao kimoja aliniuliza kama ningependa kulipa kidogo kidogo.

Na ni simu mkweli. Kwenye mipangilio yake kuna mahali inapoandika afya ya betri yake. Yangu inasema asilimia 84. Ukweli huo haukuja kwa hiari. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa ikipunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochoka, kwa maelezo kuwa zisijizime ghafla. Watu walihamaki, kampuni ikaomba radhi, ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29, na Machi 2018 ikaleta ukurasa huo wa afya. Tangu hapo simu hizi hutembea na cheti chao cha daktari. Nitajie shemeji mmoja anayekuja kuposa na asilimia yake kifuani.

Hata vibaka wanaiheshimu. Kwenye mwendokasi nimeshahisi vidole vikiingia mfukoni, vikapapasa kioo, vikatoka taratibu. Sikugeuka. Sikutaka kumwaibisha mtu aliyekuwa kazini.

Basi ikaja tarehe 12 Septemba 2023, saa mbili usiku kama kawaida yao. Iliyotangazwa ni 15, na safari hii hata tundu la chaji walilibadilisha, wakaacha lile la miaka mingi na kuchukua USB-C. Nilikuwa barazani. Geti likafunguka, mpwa wangu akaingia, mikono yote miwili mfukoni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Habari za huko?"

"Nzuri." Akakaa. Akatazama mwembe. Akatoa simu yake, akaiweka juu ya stuli pembeni ya yangu, na kwa taa ile ya baraza nikaona kijiufa kidogo kwenye pembe, bado kichanga, hakijawa hata bwawa.

"Mjomba," akasema, "ule waya wako wa zamani wa chaji, bado unao? Wangu umekatika, na madukani leo wote wanazungumzia ule mwingine tu."

Waya ulikuwa mmoja. Yake ilikuwa na asilimia 9, yangu 40. Nikaichomoa yangu.