Mwenye Ufunguo wa Tangi

Nimefundisha hisabati miaka mingi katika chuo kidogo cha ualimu huko juu Newala. Magazijuto, asilimia, andalio la somo, hata namna ya kushika chaki isilie ubaoni. Sasa nimestaafu, nimeteremka zangu Masasi, na kila mwenye mvi anayenisimamisha sokoni ananikumbuka kwa jambo moja: eti mimi ndiye niliyeshika ufunguo wa tangi.

Asiyeishi juu ya uwanda wa Makonde atashangaa. Kule mchanga unakunywa mvua yote, mto huuoni, na maji ya bomba yanasukumwa kwa pampu kutoka Mitema, bondeni kabisa. Pampu ikigoma, watu wanatazama mawingu. Chuo kilikuwa na tangi la saruji lililokinga maji ya bati la bweni, na ufunguo wake ulining'inia shingoni mwangu kwa kamba ya katani. Mkuu wa chuo alikuwa mtu mkubwa, sikatai. Lakini alfajiri alibisha hodi kwangu, taulo begani, kwa sauti ya upole ambayo kwenye vikao vya wakufunzi sikuwahi kuisikia.

Ndoo moja, wanachuo wawili. Walitia majani ya mkorosho juu ya maji yasirukeruke, wakaondoka kwa mwendo wa bibi harusi. Kwenye gwaride sikuwahi kuwaona wakitembea vizuri vile.

Halafu kulikuwa na mazoezi ya kufundisha. Aliyeyapanga yaangukie Oktoba hakuwa mtu wa kwetu, maana Oktoba watoto wako mikoroshoni wanaokota korosho. Nilisukuma baiskeli mchangani (kuipanda haiwezekani, usidanganywe) nikakagua somo la sehemu mbele ya watoto wachache na mbuzi mmoja. Nilimpa mwanachuo wangu alama ya B. Mbuzi alitulia kuliko wote.

Juzi nilikuwa kwenye foleni hospitali ya Mkomaindo, nimekwenda kupima presha. Mama mmoja akainuka haraka, akaniachia nafasi kwenye benchi.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba, mwanangu. Magazijuto bado unayo?"

"Magazijuto?" Akanitazama vizuri. "Mwalimu, si wewe uliyeninyima ndoo, nikaingia mtihani wa mwisho sijanawa uso?"

Akaniomba nisogee, akakaa.